Herufi Mbili Kwenye Skrini

Kampala, 2 Aprili 2001

Tonton Ezéchiel,

Nakusalimu kwa heshima, baba yangu mdogo, wewe na mkeo tantine Delphine na wote wanaokula kwenye sufuria yenu. Natumaini mvua haijaingia depo na makayabu yako, hao samaki wa chumvi, hayajalowa. Mimi ni mzima. Mama mwenye nyumba bado analalamika kwamba sombe yangu ya majani ya muhogo inanukia hadi kwa majirani, na vijana wa kazini wanacheka Kiswahili changu, eti kina vumbi la Butembo. Nawajibu kwamba chao hakina hata hilo vumbi.

Sasa jambo lenyewe. Mashini yenu imenyamaza tangu katikati ya Machi. Kila jioni saa ya redio ikifika nakaa mbele ya skrini nikingoja Kisangani, na Kisangani haiji. Bosi wangu aliniuliza kwa nini ninahangaika hivyo na kompyuta moja kuukuu. Nikamweleza: huko phonie, redio ya kuongea kwa sauti, ilipigwa marufuku tangu vita vya Juni mwaka jana, Waganda na Wanyarwanda walipopigania mji; kila anayeongea na upande wa pili anaitwa mpelelezi. Hii mashini iliruhusiwa kwa sababu wakubwa nao wanaitumia. Basi watu wa mitaa ya Makiso na Mangobo wanakuja depo kwa tonton wangu, karani wake Mama Germaine anaandika ujumbe wao, redio inautuma kwangu, na mimi nauita kwa phonie Butembo, Bunia, popote mtu wao alipo. Nadhani aliona haya.

Ujumbe wa mwisho wa Mama Germaine ulisema amefuata maagizo yangu. Unakumbuka: umeme ukikatika, ule mfumo wa faili wa zamani, ext2, ulikuwa unakagua diski nzima kabla ya kuwaka, betri inakwisha kabla haijamaliza, ujumbe wa watu unapotea. Nikawaambia mbadilishe mfumo wa faili, muweke reiserfs kila mahali. Ule mfumo huandika kwanza kile unachotaka kufanya, ndipo unakifanya, na umeme ukikatika unajua ulipoishia. Alinijibu: "Tumefanya, yote iko muzuri." Halafu kimya.

Mama yangu aliniambia kwa phonie kwamba Papa wangu, kaka yako, ametoka Butembo kuja kwako. Barabara ya Bafwasende imefungwa, donc amepanda lori la Isiro pamoja na baiskeli yake, atashuka kupitia Buta na Banalia. Anataka kula Pasaka mezani kwenu. Akifika mwambie asile samaki wote.

Barua hii nampa Claudine, anayepeleka vitenge Goma na kupanda ndege ya kuja huko. Nijibu kwa mkono wake.

Mtoto wako,
Kyakimwa

*

Kisangani, 29 Aprili 2001

Mtoto wangu Kyakimwa, mama,

Barua yako imenifikia ikinuka sabuni, maana Claudine aliificha kati ya vipande vya sabuni ili askari wa uwanja wa ndege wasiifungue. Sisi tupo. Tantine Delphine anasumbuliwa na mgongo, lakini mdomo wake ni mzima, asante Mungu. Makayabu hayajalowa. Kilicholowa ni mimi, kwa sababu bati la nyuma lina matundu ya mwaka jana, na kila ninapoliziba la kushoto linavuja la kulia. Mji uko vilevile. Watu wa toleka wanazunguka na baiskeli zao, abiria ni wachache, na lituma, ndizi za kupondwa, imekuwa chakula cha asubuhi, mchana na jioni.

Kuhusu mashini. Umeme ulikatika alasiri, kama kawaida ya bwawa la Tshopo. Uliporudi tuliwasha, na skrini ikaandika herufi mbili: LI. Basi. Haiongezi, haipunguzi. Mama Germaine ameipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, bado LI. Ile disketi ya kuwashia uliyotuletea mwanzo imeota ukungu. Nimemwambia Germaine hata disketi zimechoka na vita hii.

Usijilaumu na mambo ya mifumo yako. Mashini ni mashini. Iliishi, imekufa, tutafanya biashara ya samaki kama baba zetu.

Umeniandikia kwamba Papa anakuja. Mama, barabara ya siku hizi si barabara. Kawia ufike, walisema wazee. Wewe angalia kazi yako, kula vizuri, na Jumapili usikose misa.

Tonton wako,
Ezéchiel

*

Kampala, 27 Mei 2001

Tonton mpendwa,

Asante kwa barua. Pole kwa tantine na mgongo wake. Namtumia dawa ya kuchua, asiinywe. Mimi nilishikwa na malaria wiki moja, sasa nimepona. Nilipokuwa na homa niliota nipo depo kwako, Papa ameketi juu ya gunia, anakubishia bei.

Umenifurahisha na zile herufi mbili. Kweli! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe leo umeonyesha ugonjwa, nami nimeupata. Kosa ni langu.

Sikiliza. Mashini ikiwashwa, cha kwanza kuamka ni programu ndogo inayoitwa LILO. Ni ndogo hivi kwamba haijui faili ni nini. Inajua namba tu: nenda kipande kile cha diski, soma, nenda kile, soma. Ni sawa na mtu wa toleka asiyejua kusoma vibao. Umemwonyesha nyumba mara moja, atarudi palepale. Nyumba ikihama, anabaki barabarani na abiria wake. Kila hatua ikifaulu LILO inaandika herufi moja ya jina lake. Kwenu imeandika L, ikaandika I, ikaenda kutafuta kipande kinachofuata, na haikukikuta.

Kwa nini? Kwa sababu reiserfs hubana faili ndogo ili nafasi isipotee, inazisogeza, inaziweka pamoja. Kwa ujumbe wa watu ni jambo zuri. Kwa faili za kuwashia ni balaa. Mimi nilitaka diski yote ifanane, nikawaambia muache ile sehemu ndogo ya zamani ya kuwashia, /boot, na kuweka kila kitu ndani ya mfumo mpya. Nilijifanya fundi.

Donc tunarudi nyuma kidogo. Ile sehemu ndogo bado ipo, tupu. Tunaifanya ext2, tunaweka humo kernel, kile kiini cha mfumo, na vitu vya LILO, basi. Diski iliyobaki inakaa na reiserfs yake. Na hili ndilo linalonipa moyo: ujumbe wote ulioandikwa kabla umeme haujakatika uko salama. Mfumo mpya umeutunza. Uko ndani, umepanga foleni, unangoja mlango tu. Siku mashini itakapowaka, saa ya redio ikifika, utatoka wenyewe hata kama hakuna mtu aliyegusa.

Claudine anawaletea disketi mpya, nimeifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mama Germaine aiweke, awashe, abonyeze Enter. Itafanya yote yenyewe.

Mama aliniambia kwa phonie kwamba Papa alishafika kwako. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Lakini tonton, wewe umeniandikia kurasa mbili na hukusema "amefika". Mnanitania? Mwambie aniandikie hata mistari miwili. Namjua, atasema kalamu ni ya watoto. Aandike hivyohivyo.

Kyakimwa wako

*

Kisangani, 30 Juni 2001

Mama Kyakimwa,

Salamu nyingi kutoka kwa tantine, ambaye hakuinywa dawa ila aliionja. Mwezi huu tulifanya misa ya watu wa mabomu ya mwaka jana. Kanisa lilijaa hadi nje. Padri alisoma majina mpaka sauti ikamkauka, na wengine tuliobaki hatukuwa na majina ya kusoma, tulikuwa na magoti tu. Nimezeeka mwaka huu, sikufichi.

Disketi imefika. Sijui kama ni safari au ni hewa yetu, lakini sioni kama itasaidia. Tena nimefikiri juu ya maneno yako, na mimi ni mfanyabiashara, sinunui kabla sijageuza samaki pande zote mbili. Hiyo ext2 si ndiyo ileile iliyokuwa ikituuliza maswali ya Kiingereza kila umeme ukirudi? Leo unairudisha, tena unaiweka mlangoni? Abbé mmoja, padri anayejua kompyuta, alipita hapa, akaniambia: "Papa Ezéchiel, sehemu ya kuwasha weka FAT, hata Windows inaisoma, fundi yeyote atakusaidia." Mwingine anasema kuna mfumo unaokuja, ext3, wenye kumbukumbu kama ule wako lakini wa ukoo wa ext2. Sasa nani mkweli? Fikiri vizuri, uliza wakubwa wako, uniandikie. Hakuna haraka. Haraka haraka haina baraka.

Mama Germaine peke yake ndiye ana haraka. Unajua alimwandikia mwanawe Sadrack, yule aliyekwama Bunia, ujumbe mwingine mwezi wa Machi, nao haujatoka. Kila asubuhi anaingia na chikwangue yake, mkate wa muhogo, anaiangalia mashini, ananiangalia mimi.

Papa wako hawezi kuandika kwa sasa. Usinikasirikie.

Ezéchiel

*

Kampala, 5 Agosti 2001

Tonton,

Nakusalimu. Ni mzima. Kazi ipo. Hapo ndipo habari za nyumbani zinaishia leo, kwa sababu nimekasirika, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akikasirika aseme, asinune.

FAT, hapana. Ni mfumo wa zamani usiojua nani ana ruhusa ya kugusa faili na nani hana, na umeme ukikatika unachanganyikiwa vibaya kuliko yote. Utawaka leo, kesho mtoto wa askari atafuta kernel akitafuta michezo. Ext3, bado ni mbichi, sitaijaribia mgongoni mwa watu wa Kisangani. Na hata ikiiva, sehemu ile haiihitaji. Ext2, ndiyo. Ile iliyowasumbua ilikuwa diski nzima, inaandikwa mchana kutwa. Hii ni sehemu ya kiganja, haiandikwi ila siku ya kubadilisha kernel. Nimeiweka isomwe tu, isiandikwe. Kitu kisichoandikwa, umeme ukikatika utakiharibia nini? Na LILO anaipenda, kwa sababu ext2 ikiweka faili mahali, haiihamishi. Nimemaliza. Usiniletee abbé mwingine.

Ile disketi niliijaribu kwenye mashini nne tofauti kabla ya kuifunga. Na wewe hukuandika kwamba haikusomeka. Uliandika huoni kama itasaidia. Tonton, mliiweka au hamkuiweka?

Wewe ni mtu ambaye redio ikikwama unaifungua kwa kisu cha samaki. Leo una disketi mkononi na unaniuliza maswali ya seminari. Nimesoma barua zako zote kwa mpangilio. Kila ninapouliza habari ya Papa unaniambia habari ya hali ya hewa. Mama naye kwa phonie anasema, "Papa yako iko kwa tonton," halafu laini inakatika, kila mara laini inakatika palepale. Anaumwa? Amekamatwa? Nimeshindwa kulala. Kama ni mgonjwa niambie, nitauza simu na kiti na nguo, nitakuja na ndege ya Goma.

Nakuomba, baba mdogo. Niambie.

Kyakimwa

*

Kisangani, 9 Septemba 2001

Mtoto wangu,

Usije. Nasema kama baba: usije. Jina lako ni la Butembo, upande wa Waganda, na karatasi zako ni za Uganda. Watakushusha kwenye ngazi ya ndege.

Nitakuja mimi. Nimeomba karatasi ya safari kwa wakubwa, wameniambia nirudi, nimerudi, wameniambia nirudi tena. Nitaendelea kurudi. Nikifika Kampala tutakaa, wewe na mimi, utanipikia hiyo sombe inayofukuza majirani, tutakula kwanza, halafu tutaongea kila kitu. Unajua kwetu mambo yanavyoongewa. Mtu hukalishwa chini kwanza, ndipo anaambiwa.

Mpaka siku hiyo iache mashini. Nakuomba tu, iache. Tantine anakusalimu. Anakuombea kila jioni.

Ezéchiel

*

Kisangani, 14 Oktoba 2001

Mama Kyakimwa,

Naandika mbio, Claudine anapanda ndege leo. Najua barua hii imeshashindwa. Mashini imeitangulia. Lakini sina namna nyingine ya kuwa karibu nawe, basi naandika.

Jana Mama Germaine alikuwa akitafuta kamba ya kufungia gunia. Akafungua droo yangu, akaikuta disketi yako ndani ya mifuko yake miwili ya plastiki, haijafunguliwa. Hakupiga kelele. Sisi watu wa Butembo tukikasirika tunapiga kelele, watu wa mto wa Yanonge kama yeye wananyamaza, na ndipo unapojua umekwisha. Aliiweka mashinini, akawasha, akabonyeza Enter. Mimi nilikuwa nje napima samaki. Niliposikia ule mlio wa diski niliacha mizani na mteja.

Ilikuwa kama ulivyosema. Skrini ilipiga mistari mingi, ikazima, ikawaka. L. I. Nikasema moyoni, Mungu, iishie hapo. Ikaandika L, ikaandika O. Mlango wako ulifunguka vizuri, mtoto wangu. Kazi yako ilikuwa safi.

Saa ya redio ilikuwa imekaribia. Nikaweka mkono kwenye waya wa umeme. Germaine akasimama kati yangu na meza, mikono yake ikiwa na chumvi ya makayabu. Akaniuliza:

"Papa Ezéchiel, tangu mwezi wa sita disketi iko mu tiroir. Juu ya nini?"

Nikamwambia: "Mama, ndani mule muko barua niliandikia yaya yangu, papa ya Kyakimwa. Ikitoka, Kyakimwa atajua. Iko peke yake kule. Hakuna mutu wa kumukalisha."

Hapo akasema: "Bon. Na mimi? Mutoto yangu Sadrack anawaza mama yake alikufa na mabomu. Wewe unachunga mutoto yako na machozi ya batoto ya benzako?"

Kyakimwa, mimi niliyezoea kubishana na kila mtu kuanzia soko la Mangobo hadi bandarini, niliachia waya. Redio ikaanza kulia, ujumbe mmoja mmoja ukawa unatoka, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye tope.

Sasa nakuambia kwa kalamu jambo ambalo kwetu haliandikwi. Nisamehe, wazee wanisamehe.

Mwezi wa tatu watu waliotoka Banalia walikuja depo wakaniambia kwamba kule kwenye bac, kivuko cha mto Aruwimi, askari wa pande zote mbili wanapiga risasi yeyote anayevuka. Palepale nilimwandikia yaya Mumbere, papa wako, ambaye nilijua anataka kuja kwa Pasaka, asitoke Butembo, angoje ndege. Claudine alikuwa ameshaondoka. Phonie ilikuwa marufuku. Mashini ndiyo ilikuwa tumaini langu, na ujumbe ulikuwa unangoja saa ya redio. Umeme ukakatika kabla ya saa hiyo. Uliporudi, LI.

Papa wako alipigwa risasi akiwa bado kwenye bac, mkono mmoja juu ya baiskeli yake. Watu wa Banalia walimtoa majini. Nilikwenda, nilimzika kule kwa mikono yangu, karibu na misioni, kaburi lina msalaba na jina. Nilimtuma mzee wa ukoo Butembo akamkalishe mama yako. Wewe tu ndiye uliyebaki. Kila mtu alikuwa amekalishwa isipokuwa wewe.

Na utaiona tarehe ya ule ujumbe, wewe una akili ya tarehe. Utasema: ni mfumo wangu, ni mimi niliyewaambia waweke kila mahali. Hiyo ndiyo niliyokuwa naificha kuliko kifo chenyewe. Kifo cha baba mtoto hukibeba. Hicho kingine sikutaka ukibebe. Risasi haikutoka Kampala, mama. Haikutoka kwenye diski yoyote. Jiambie hivyo kila siku mpaka nifike.

Baba yako mdogo,
Ezéchiel

*

Kampala, 21 Oktoba 2001

Tonton Ezéchiel,

Nakusalimu, wewe na tantine Delphine. Salamu pia kwa Mama Germaine. Mwambie ujumbe wake nimeuita Bunia. Sadrack mwenyewe alikuja kwenye phonie. Alilia mpaka mwenye phonie akamwambia anaharibu kipaza sauti. Anasema anaishi, anafanya kazi ya useremala, na chikwangue ya huko haina ladha.

Sina barua yako tangu ile ya Septemba. Labda ipo njiani. Nakuandikia bila kungoja.

Jumamosi ya tarehe 13, saa ya redio, nilikuwa nakula karanga. Sikuwa hata nikiangalia skrini, nilishazoea kuikuta tupu. Ikaanza. Kisangani. Kisangani. Kisangani. Niliruka, nikapiga kelele, vijana wakaja kunitazama. Niliwaambia: ext2 kwenye /boot! Nilicheza, tonton. Nataka ujue kwamba nilicheza, maana nadhani nitaikumbuka ile ngoma kuliko kitu kingine chochote.

Nikaanza kusoma kwa mpangilio, ili niuite. Mama wa Mangobo anamwambia mumewe mtoto amezaliwa. Mtu wa bandarini anaulizia shati lake. Germaine. Halafu huu:

"16 Machi. Kwa yaya Mumbere, Butembo. Usitoke. Njia ya Banalia imekufa, wanapiga watu kwenye bac. Ngoja ndege. Kyakimwa, mtoto wangu, iite hii kwanza kabla ya zote. Ezéchiel."

Niliusoma, na sikuelewa, na wakati huohuo nilishaelewa. Kila kitu kilijipanga: barua zako, abbé wako, "usije", laini ya Mama inayokatika. Niliona tarehe. Niliona ujumbe wa Germaine wa siku chache kabla, unaosema tumefanya, yote iko muzuri. Najua nani aliwaambia waweke mfumo ule kila mahali. Usinifundishe kutojua. Kazi yangu yote ni kujua kitu kilikwama wapi.

Nimekukasirikia, tonton. Nimekukasirikia kwa ajili ya Germaine na yule mama wa Mangobo, ambaye mtoto wake sasa anatambaa na baba yake alikuwa hajui kama amezaliwa. Na ninakupenda mpaka kifua kinauma. Vyote viwili viko pamoja na sijui nivitenge vipi. Usimwombe mtu yeyote karatasi ya safari tena, watakudhalilisha bure.

Niliita ujumbe wote. Wa Papa niliuacha mwisho, ingawa uliniambia niuite kwanza. Nilifikiri: ni ujumbe wa Butembo, una anwani, kazi yangu ni kuuita, na mwenye anwani akiwa hayupo unamsomea mtu wa nyumbani. Nikamwomba mwenye phonie aite nyumbani kwetu. Wakaenda kumwita Mama. Nilisikia viatu vyake, nikasikia anashika kipaza sauti. Nilisema tu, "Mama, ni mimi. Niko na ujumbe kutoka kwa tonton." Sikuongeza neno.

Mara hii laini haikukatika. Akasema polepole, kwa ile sauti yake ya kuita watoto mezani:

"Kyakimwa, mutoto yangu. Umekaa chini?"